Gazeti likikosea habari za vita, masahihisho yawekwe wapi?

Mwanafunzi wa Habari
Ndugu wanajukwaa, salaam. Wiki hii darasani tumejadili jinsi magazeti ya Marekani yalivyoripoti madai kwamba Iraq ilikuwa na silaha za maangamizi, ambazo baadaye hazikupatikana, kabla ya Marekani na washirika wake kuivamia Machi 2003. New York Times lilikiri udhaifu wake tarehe 26 Mei 2004, zaidi ya mwaka mmoja tangu vita vianze, kwa taarifa ya wahariri iliyowekwa ukurasa wa ndani, A10. Je, huo ni uwajibikaji wa kutosha, au chombo cha habari kinadaiwa zaidi pale kosa lake linapohusu vita?

Mhariri Mstaafu
Mwanangu, anza na mabomba ya alumini. Tarehe 8 Septemba 2002 gazeti hilo liliandika ukurasa wa mbele kwamba Iraq ilikuwa ikitafuta mabomba ambayo maofisa wa Marekani waliamini ni ya mashine za kurutubisha urani ya kutengenezea bomu la nyuklia, na siku hiyohiyo Makamu wa Rais Dick Cheney akaitaja habari hiyo kwenye televisheni ili kuupa nguvu msimamo wa serikali yake, ilhali dai lenyewe lilitoka kwa maofisa wa serikali hiyohiyo. Siku tano baadaye waandishi walikuwa wameshajua kwamba wataalamu wa serikali wanabishana juu ya mabomba hayo, lakini shaka hiyo ilifichwa ndani kabisa ya habari nyingine, ukurasa wa A13. Jambo lililotangazwa barazani halisahihishwi uani. Hata hivyo taarifa ile ilikuwa na jema moja, nalo ni kwamba haikuwatwisha waandishi peke yao lawama, bali ilisema wahariri wa ngazi mbalimbali walipaswa kuwabana waandishi kwa maswali.

Binti wa Tanga
Nakubaliana na Mzee, ila nisingependa tuamini kwamba kila mtu alidanganywa. Jonathan Landay na Warren Strobel, waandishi wa kampuni ya magazeti ya Marekani ya Knight Ridder, waliandika habari za kuhoji madai hayo kabla ya vita. Ndani ya gazeti la Washington Post, mwandishi Walter Pincus naye aliandika habari zenye mashaka, zikasukumwa kurasa za ndani. Gazeti hilo lilipojichunguza, ripoti ya mwandishi wake Howard Kurtz ilitoka ukurasa wa mbele, tarehe 12 Agosti 2004, nami naiheshimu zaidi kwa sababu hiyo. Lakini ukurasa wa mbele pekee hautoshi ikiwa kesho yake ofisa asiyetajwa jina anaaminiwa vilevile.

Mfasiri wa Usiku
Mimi nazungumza nikiwa upande wa wapokeaji. Wakati huo nilikuwa dawati la habari za kimataifa katika gazeti moja la Kiswahili, tukifasiri habari za mashirika ya nje hadi saa nne usiku. Nakumbuka kichwa kimoja cha habari kilichokuwa na neno “yadaiwa”. Kilipokataa kuenea katika safu mbili, neno lililoondolewa ni hilo, na mkono ulioliondoa ni wangu. Mwaka 2004 magazeti ya Marekani yalipokiri, sisi hatukuandika hata mstari mmoja, kwa kuwa tulijiambia kwamba kosa ni la wenyewe. Msomaji aliyenunua gazeti letu alibaki na uongo tuliompa kwa lugha yake mwenyewe, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Ndiyo maana nasema deni la masahihisho ni la kila aliyeichapa habari, aliyeiandika na aliyeifasiri.

Mwanafunzi wa Habari
Nawashukuru nyote, na Mfasiri nakushukuru kwa namna ya pekee, maana upande huo darasani haukutajwa kabisa. Jumatatu nitakwenda maktaba kuomba majalada ya magazeti yetu ya Septemba 2002 na ya Mei hadi Agosti 2004, niyasome ukurasa kwa ukurasa, kisha nitarudi hapa kuwaeleza nilichokikuta.