Namba ya nyumba haisomeki usiku, nibadili nini?

Muulizaji: Wakuu, namba yangu ni ya chuma kinachong'aa, urefu sentimita 7, ipo ukutani mita 15 kutoka barabarani. Mchana inasomeka kwa shida, usiku haionekani kabisa.

fundi_vibao: Sentimita 7 ni ndogo kwa umbali huo. Weka tarakimu za sentimita 15, mstari wake uwe na unene wa sentimita 2 hivi, na uziachanishe; zikibanana, 11 husomeka kama 1. Chuma hicho kiondoe: taa ikikipiga kinameta, namba inapotea. Nyeupe juu ya nyeusi isiyong'aa inatosha.

Mama Rangi: Naongezea, ihamishie kwenye nguzo ya geti, pande zote mbili, maana dereva huja kutoka ubavuni. Kimo cha mita 1.2 hadi 1.5 kinafaa. Tumia stika za kuakisi mwanga. Kwanza futa kibao kwa spiriti, kikauke. Mafuta au vumbi likibaki, kingo zitabanduka.

fundi_umeme: Stika huwasaidia zaidi wenye magari, mtembea kwa miguu asiye na tochi haoni kitu. Funga taa ndogo ya LED juu ya kibao, imulike chini, isiwapige watu machoni.