Kolaji ya majani makavu na karatasi ya kutengeneza mwenyewe: gundi gani, na rangi inakaaje?

nyuzi_na_gome

Habari zenu wakuu, naombeni mwongozo. Nimeanza kutengeneza karatasi mwenyewe, naloweka makaratasi yaliyotumika, nasaga kwenye blenda, nachota rojo kwa fremu ya wavu, zinatoka vizuri tu zile zenye kingo za kuchanikachanika ambazo ndo nazipenda. Sasa nataka nizifanyie kolaji, nibandike majani makavu, magome membamba, mbegu, nyuzi za mgomba na vipande vidogo vya kitambaa. Shida gundi kila mtu anasema lake, halafu karatasi ikishalowa gundi ikikauka inajikunja. Ila kinachoniumiza kichwa zaidi ni rangi ya majani. Jani linatoka kwenye kitabu likiwa kijani safi kabisa, likikaa ukutani linaanza kuwa kahawia. Nimeambiwa nikipaka vanishi litabaki vile vile, kuna ukweli? Nataka kazi ambayo ukimpa mtu zawadi inakaa miaka.

fremu_ya_wavu

Karibu sana mkuu, umeingia kwenye kazi tamu. Nianze na kujikunja maana hiyo dawa yake ipo. Karatasi ikilowa inatanuka, ikikauka inasinyaa, sasa ukiibandika ikiwa imelowa juu ya kadi nyembamba, ile ya juu ikikauka inaivuta ya chini na kitu chote kinapinda. Kwa hiyo bandika kwenye plaiwudi au kadibodi nene, halafu nyuma nako ubandike karatasi ya unene ule ule kwa gundi ile ile ili zivutane pande zote mbili. Usiache hiyo ya nyuma watu wengi wanaona ni kupoteza karatasi lakini ndo inayonyoosha kazi. Kisha laza chini ya ubao wenye uzito, weka kitambaa chembamba cha poliesta kinachopitisha maji katikati isigande, na juu yake karatasi za kunyonya maji ambazo unazibadilisha zikilowa, la sivyo ukungu utakutembelea.

Gundi, mimi natumia mbili. Karatasi kwa karatasi natumia ya wanga, unga wa ngano kipimo kimoja na maji vipimo vitano, unapika moto mdogo huku unakoroga mpaka inakuwa nzito na inang'aa kidogo, unachuja. Uzuri wake haing'ai ikikauka, na hata baadaye ukitaka kubandua unalowesha tu inaachia. Ubaya wadudu wanaipenda na haikai muda kabla ya kuchacha, pika kidogo kidogo. Magome na mbegu ni gundi nyeupe ya maseremala, wanga hauna nguvu ya kushika kitu kizito.

Jani lenyewe paka gundi upande wa mishipa, siyo ule wa juu maana majani mengi juu yana nta na gundi inateleza. Tumia brashi bapa laini, anzia katikati kwenda kingoni, kiasi kidogo sana. Liinue kwa kibano, liweke, funika kwa karatasi ya nta, bonyeza kwa kidole taratibu kutoka kwenye mshipa mkuu kwenda pembeni. Ukiona gundi inachungulia kwenye kingo za jani ujue imezidi, ifute hapo hapo kwa pamba yenye unyevu kwa sababu ikishakauka inaacha mstari unaong'aa ambao kila mtu atauona kabla hajaliona jani.

Bi_Rojo

Kwenye rangi acha niseme wazi, kijani cha jani hakikai. Ile klorofili, yaani rangi ya kijani ya mmea, mwanga unaivunja, na hakuna vanishi itakayoirudisha. Vanishi inazuia vumbi na unyevu, basi. Zipo za kukinga mionzi ya urujuanimno, na kioo cha aina hiyo pia kipo, hivyo vinachelewesha tu.

Mimi nafanya hivi, rangi naitia kwenye karatasi, jani naliachia umbo. Kwa nini upigane na jani wakati karatasi unaitengeneza mwenyewe na unaweza kuitia rangi unayotaka tangu ikiwa rojo? Chukua udongo mwekundu au wa njano, uponde, uuloweke, ukoroge, uchuje kwa kitambaa cha kubana, ile tope laini inayotulia chini changanya na rojo. Hiyo rangi ni ya oksidi ya chuma, mwanga hauiwezi, ndo hiyo hiyo kwenye michoro ya mapangoni ya maelfu ya miaka na bado inasomeka. Bizari usiitumie kama unataka kazi ya kudumu, inapendeza sana siku ya kwanza lakini mwanga unaila haraka sana.

Petali nyekundu na za zambarau nazo uwe makini. Rangi yao inabadilika ikikutana na kitu chenye magadi au chokaa, inaweza kugeuka bluu au kijani kibichi kabisa. Kama karatasi yako umetia unga wa chaki (jambo zuri, unapunguza asidi) jaribu petali moja kwenye kipande cha pembeni kwanza.

Na kuna jambo moja kwenye hayo makaratasi unayoloweka, magazeti yatoe. Magazeti yana lignini nyingi, ile inayoipa mbao ugumu, ndiyo maana yanageuka manjano kisha kahawia. Wachoraji Picasso na Braque walipoanza kubandika vipande vya magazeti kwenye kazi zao mwaka 1912 vilikuwa vyeupe kiasi, leo vimekuwa kahawia. Tumia makaratasi ya ofisini yaliyo meupe au matambara ya pamba.

mbegu_tupu

Sikubaliani sana na hapo kwa vanishi Bi Rojo. Mi napaka ya akriliki tabaka mbili nyembamba na majani yangu yana hali nzuri mpaka leo, hayavunjiki hata ukipitisha mkono.

Bi_Rojo

@mbegu_tupu kutovunjika nakubali kabisa, na kwa jani lililokauka sana hiyo ni faida kubwa. Ila linganisha rangi, siyo uimara. Kata jani moja katikati, nusu paka nusu acha, weka yote dirishani, utaona zote mbili zinapauka. Majani yaliyokuwa kahawia tangu mwanzo ndo hayakusumbui, na magome, na nyuzi, na maganda ya mbegu.

Halafu kuna mifupa ya majani, hii naipenda kuliko zote. Chukua majani magumu magumu, yachemshe kwenye maji ya magadi ya kufulia mpaka nyama yake ilegee, suuza, lilaze kwenye sahani yenye maji kidogo ulisugue kwa mswaki laini taratibu, ile nyama inatoka inabaki nyavu ya mishipa tupu. Ukiibandika kwenye karatasi nyeusi kila mshipa unaonekana. Mary Delany wa Uingereza alianza kubandika maua ya karatasi mwaka 1772 akiwa ameshapita miaka 70, akamaliza karibu 1000, ziko kwenye makumbusho ya British Museum, London, na karibu zote alizilaza juu ya karatasi nyeusi. Mara mojamoja aliweka jani halisi katikati ya yale ya karatasi. Ukitaka kujifunza kupanga kolaji ya mimea, ziangalie zile kwa utulivu.

nyuzi_na_gome

Aisee nimepata zaidi ya nilichouliza, asanteni sana. Rangi kwenye karatasi, nimeelewa, naanza na udongo. Swali la mwisho, nyuzi za mgomba zinakuwa ngumu na blenda inashindwa, mnazilainishaje? Na kwenye magome nimeona vitobo vidogo vyenye unga unga, naogopa.

fremu_ya_wavu

Nyuzi zikate vipande vya sentimita 2 hivi, zilowe usiku kucha, kisha zichemshe na magadi ya kufulia, kama gramu 200 kwa kila kilo ya nyuzi kavu, saa kadhaa mpaka ukivuta uzi kwa vidole unaachia bila kubishana. Sufuria isiwe ya alumini maana magadi yanaila, vaa glovu, fungua madirisha. Suuza mpaka maji yawe meupe na yasiteleze mkononi, hapo ndo wengi wanakatisha, magadi yakibaki yanaharibu karatasi. Blenda usiiamini sana kwa nyuzi ndefu, zinajisokota kwenye visu, ziponde kwa nyundo ya mti kwanza.

Vitobo vyenye unga ni wadudu, huenda bado wako hai humo. Funga magome kwenye mfuko usiopitisha hewa, tia friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa usifungue mfuko mpaka ubaridi uishe kabisa ufikie joto la chumba, la sivyo unyevu unatua juu ya gome badala ya nje ya mfuko. Mbegu nazo zifanyie hivyo hivyo, zote, hata zile zinazoonekana safi. Na ukiweka kwenye fremu hakikisha kioo hakigusi kazi, weka vibao vyembamba pembeni kutenganisha.

mbegu_tupu

Hilo jani la nusu kwa nusu nalijaribu, nitaleta picha hapa.