Alarmi na boksi la kuwasha gari kwa mbali zinagombana

kadutu_juu (Bukavu)

Jambo wakubwa. Gari ni Toyota Noah, otomatiki. Alarmi iliwekwa zamani: sirena, kihisi cha mtikisiko na relee (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya kukata demareri, ile mota inayozungusha injini ianze. Sasa limeongezwa boksi tofauti la kuwasha injini kwa telekomandi. Alarmi ikiwa imefunguliwa, gari linawaka vizuri. Ikiwa imefungwa, yaani inalinda, kontakti (umeme wa ufunguo ukiwa ON) inaingia, taa za dashibodi zinawaka, demareri kimya, halafu sirena inalia. Lazima kununua mfumo mmoja wenye vyote viwili, ao hizi zinaweza kupatanishwa?

umeme_kamalondo (Lubumbashi)

Usinunue kitu, ndugu. Una magomvi matatu, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni demareri. Relee ya alarmi imekaa kati ya ufunguo na demareri. Waya wa START wa boksi umeunganishwa upande wa ufunguo, basi alarmi inalikata boksi kama inavyomkata mwizi. Uhamishe uende upande wa pili wa relee, ule unaoelekea demareri. Anayezungusha ufunguo bado atakatwa, ila boksi litapita. Ukiwa hapo chini, pima: Toyota kadhaa zina nyaya mbili za START na mbili za kontakti. Usiamini rangi, shika multimeta. Waya wa kontakti una volti 12 kwenye ON na unabaki nazo kwenye START. Wa vifaa (redio, feni) unazima ukifika START.

La pili: alarmi inaona kontakti imeingia bila telekomandi yake, inadhani ni wizi. Tafuta kwenye boksi waya unaotoa masi (hasi ya betri) muda wote injini ikiwaka kwa mbali. Huo ndio utakaofanya kazi yote. Chukua relee ya volti 12 yenye miguu mitano: 85 na 86 ni za koili (sumaku yake ya ndani); 30 inagusa 87a relee ikitulia, na 87 koili ikipata umeme. 85 iende kwenye waya huo, 86 kwenye + ya kudumu kupitia fizibo ya ampea 1. Kata waya wa kontakti unaoingia kwenye alarmi: upande wa alarmi uweke 30, upande wa gari 87a. 87 iache wazi. Boksi likiwasha, alarmi haioni kontakti. Boksi likitulia, kila kitu kinarudi kama zamani.

La tatu ni kihisi, maana injini ikianza inatikisa gari. Hapa mafundi wengi wanakosea: wanakata umeme wa kihisi, na kikirudishiwa umeme kinatoa mpigo wa uongo, sirena inalia. Acha umeme wake. Kata waya wa ishara, nao uupitishe kwenye 30 na 87a ya relee nyingine. Vihisi vingi vina ishara mbili, ya onyo na ya kilio kamili; kila moja relee yake.

Hesabu ampea kabla ya kufunga. Koili ya relee hizi ni karibu omu 80, yaani kama miliampea 150. Relee tatu ni 450, na waya wa masi wa maboksi mengi unabeba 200 hadi 500 tu. Ni salama zaidi relee moja ndogo ishikwe na boksi, yenyewe ndiyo izishike zile tatu. Na kila koili iwe na dyodi (inapitisha umeme upande mmoja tu) 1N4007 kati ya 85 na 86, mstari ukielekea upande wa +. Ukiigeuza, boksi linaweza kuungua.

Milango inaendelea kulindwa wakati wote injini inawaka. Ndiyo sababu siipendi njia ya kuifungua alarmi kabla ya kuwasha: gari linabaki linanguruma bila mlinzi.

ndosho_garaji (Goma)

Yote sawa, nina la kuongeza. Boksi likizima injini, waya wa masi unaachia papo hapo, wakati injini bado inatoa mtikisiko wa mwisho. Kihisi kinarudi mapema, sirena inalia gari likiwa limezimwa. Weka kondensa (hifadhi ndogo ya umeme) ya mikrofaradi 1000 kwenye koili ya relee ya kihisi, ichelewe kuachia.

Transponda (chipu ya ufunguo inayoruhusu injini kuwaka) si tatizo hapa, kwa kuwa linawaka alarmi ikiwa wazi. Gari linalowaka sekunde mbili na kuzima, hapo ndipo uitafute.

umeme_kamalondo

Yaya wa Goma, tatizo umelitaja vizuri, ila kondensa hiyo haifiki. Omu 80 mara mikrofaradi 1000 ni sekunde 0.08, relee itachelewa kidogo sana, na injini inahitaji sekunde mbili hivi. Ukiweka kubwa zaidi, ikijaa inavuta ampea nyingi kwa ghafla, na transista ya boksi inakufa. Tumia relee ya kuchelewa kuachia, uiweke sekunde 3 hadi 5.

ndosho_garaji

Nimekubali.

kadutu_juu

Aksanti sana. Swali la mwisho: kuna Hilux ya manyueli jirani, nayo inaweza?

umeme_kamalondo

Kwa huko kwenu kwenye milima, hapana. Watu wanaacha gari kwenye vitesi (gia) ya kwanza na jiwe nyuma ya gurudumu. Boksi likizungusha demareri, gari linaruka mbele. Kuna maboksi ya manyueli yanayokubali kuwasha tu kama dereva aliliacha gari likiwaka, bila vitesi, freni ya mkono imevutwa, akatoka na kufunga milango. Mlango ukifunguliwa tena yanakataa. Anayeegesha kwa vitesi hawezi kuyatumia. Hata kwenye Noah yako, usiache swichi ya kapo (inayolizuia boksi kuwasha kifuniko cha injini kikiwa wazi) bila kuiunganisha: fundi akiwa na mikono kwenye mkanda wa feni, mtoto anabonyeza telekomandi ndani ya nyumba.