Mjadala: Cyathea ibaki jenasi moja au igawanywe?

Wakuu, kangaga-mti lile lile unalikuta huku linaitwa Cyathea manniana, kule Alsophila manniana. Wapo wanaotaka makangaga-miti yote yenye magamba yabaki Cyathea, jenasi moja ya spishi zaidi ya 600. Wengine wanafuata mpangilio wa kimataifa wa mwaka 2016 wenye jenasi tatu: Cyathea, Alsophila na Sphaeropteris. Mimi nasema zigawanywe, na ushahidi wangu ni gamba.

Bandua gamba moja kwenye shina la jani, uliweke chini ya darubini. La Alsophila linaishia kwenye unywele mgumu, mweusi. La Cyathea seli za ukingoni hazifanani na za katikati, ila unywele huo halina. La Sphaeropteris lina seli za namna moja toka ukingo hadi ukingo. DNA ilipokuja kupimwa, kwa sehemu kubwa ilikata palepale.

Wataalamu wa zamani walitazama kifuniko cha spora. Chenye umbo la kikombe kiliitwa Cyathea, na jina lenyewe ni la Kigiriki, kikombe kidogo. Spora zikiwa wazi, Alsophila. Kumbe kifuniko kimepotea zaidi ya mara moja, katika koo tofauti! Wageni wakawekwa nyumba moja, ndugu wakatenganishwa. Ndiyo maana wengine waliona heri yote yaitwe Cyathea. Nawaelewa kabisa, lakini kilichokosewa ni kipimo.

Mchangiaji: Mkuu, na ulinzi je? CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, umeandika Cyathea. Ukishaiita Alsophila, mfanyabiashara wa vigogo si atapita?

Mleta mada: Swali zito hilo, ndugu yangu. Kiambatisho cha II cha CITES kinaitumia Cyathea kwa maana pana, Alsophila na Sphaeropteris zimo humo, kwa hiyo kisheria hapiti. Ninachohofia ni mkaguzi wa forodha mwenye orodha ya jina moja tu mkononi. Apewe majina yote mawili.

Ila mimi nina mpaka wangu. Kuna wanaotaka Gymnosphaera nayo itolewe ndani ya Alsophila iwe jenasi ya nne. Hapo bado sijashawishika, maana gamba lake lina unywele ule ule mweusi. Mliozoea kuishika porini, nyie mnaitambuaje?