Nitaulizaje kabila na kuridhika na maisha kwenye dodoso langu hapa Kigoma?

Mwanafunzi wa Gungu:
Ndugu zangu, salaam. Ninaandaa utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu utambulisho wa watu, tofauti za kipato na ustawi wa kila siku katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Kupima ustawi nimetumia ngazi ya Hadley Cantril, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeibuni katika miaka ya 1960: mtu huambiwa afikirie ngazi yenye vipandio 0 hadi 10, chini kukiwa na maisha mabaya kabisa anayoweza kuwa nayo na juu maisha bora kabisa, kisha aseme amesimama wapi.

Juma lililopita nililijaribu dodoso kwa watu wachache mwaloni Kibirizi, nikakwama mara mbili. Kwanza, karibu kila mtu alichagua 5, na nilipouliza sababu nikajibiwa, "Tunamshukuru Mungu." Pili, nilipofika kwenye swali la kabila, mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa aliacha kutandaza, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaniuliza kwa upole kama nimetumwa na uhamiaji. Tangu hapo alinijibu neno moja moja. Je, nilifute swali hilo? Na nikilifuta, utambulisho nitaupima kwa kitu gani?

Mdadisi Mstaafu:
Mwanangu, huyo mama hakukukosea adabu. Alilisikia swali kama linavyosikika hapa. Sensa zetu ziliuliza kabila kwa mara ya mwisho mwaka 1967, kwa hiyo mtu mzima wa leo hajazoea kuona karatasi yenye nafasi ya kabila, na akiiona hujiuliza inakwenda wapi. Kwa Kigoma wasiwasi huo una mizizi zaidi. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu mno, kiasi kwamba Muha wa Kasulu na Mrundi huzungumza na kuelewana bila mkalimani. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbilia kwetu wakapewa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na miongo kadhaa baadaye zaidi ya watu 162,000 wa kundi hilo wakapewa uraia wa Tanzania. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nayo ilifunguliwa 1996. Katika mkoa wa namna hii, ukimuuliza mtu "wewe kabila gani?", anasikia "wewe ni raia?"

Nakushauri umsome Liisa Malkki, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwa wakimbizi wa Kirundi katikati ya miaka ya 1980, kundi moja likiwa Mishamo na jingine likiishi hapa Kigoma mjini. Aliona kwamba wale wa Mishamo waliishikilia sana historia yao kama taifa lililo uhamishoni, ilhali wale wa mjini walijitambulisha kwa namna mbalimbali kadiri mazingira yalivyotaka. Watu ni wale wale na chanzo cha safari yao ni kile kile, ila mahali walipoishi pamewatofautisha. Kisanduku kimoja cha kuweka alama ya vema hakiwezi kukuonyesha jambo hilo.

Tena usitenganishe utambulisho na tofauti za kipato kana kwamba ni sura mbili za tasnifu. Enzi za ukoloni mkoa huu ulitoa vibarua wa mashamba ya mkonge, na jina la manamba likawaganda Waha hata wale ambao hawakuwahi kuliona shamba lenyewe. Mtu wa Ujiji akikwambia yeye ni Mmanyema, jibu hilo limebeba habari za misafara kutoka Kongo na za nani alikuwa na nafasi gani mjini. Kwa hiyo lipeleke swali hilo mwisho wa mazungumzo, na uliulize kwa matendo: ukifiwa, nani hufika kwanza? Ukiishiwa, unamwendea nani? Kuna mahali jina lako au lafudhi yako imekufungia mlango?

Mchuuzi wa Kibirizi:
Mimi ni mwanika dagaa, kwa hiyo nitasema la mwaloni tu. Ulikuja wakati wa mbalamwezi, mdogo wangu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukijaa, taa hazina kazi, mitumbwi inalala na fedha hakuna. Ukituuliza kipato cha wiki iliyopita katika siku hizo utaandika kwamba hatuna kitu, na ukirudi giza likiingia utakuta mtu yule yule analipa kikoba na kununua sare za watoto. Ziwa lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hata swali lako la ngazi tungelijibu vingine.

Kuhusu ile 5, usidhani tulikudanganya. Anayesema yuko juu anajisifu, na anayesema yuko chini anajianika mbele ya mgeni. Basi mtu hukaa katikati akamshukuru Mungu, na shukrani yenyewe ni ya kweli. Niulize jana watoto walikula mara ngapi, niulize mvua ilipowakuta dagaa wangu mchangani nilikopa wapi. Hapo nitakueleza mpaka jua lizame.

Mtafiti, Tabora:
Naunga mkono hoja ya majira. Kwa wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua, kabla ya malipo na baada ya malipo ni maisha mawili, hasa pembejeo za mkopo zikishakatwa. Angalia pia neno "kaya". Takwimu za mapato na matumizi ya kaya za 2017/18 zilionyesha kuwa asilimia 26.4 ya Watanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, lakini kipimo hicho huichukulia kaya kama mfuko mmoja. Tofauti ya mume na mke ndani ya nyumba moja hakiioni.

Mwanafunzi wa Gungu:
Nawashukuru sana. Nitawatembelea watu wale wale mara mbili, wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi, na swali la kabila nimelibadilisha kama mzee alivyoelekeza. Limebaki hili la mfuko wa kaya: nitamuulizaje mama fedha zake bila kumgombanisha na mumewe?

Mchuuzi wa Kibirizi:
Njoo saa nne asubuhi. Wavuvi wanakuwa wamelala, sisi tunageuza dagaa. Utakaa nasi, utageuza, utauliza.