Ushauri: Nimealikwa kutamba hadithi mbele ya watu wazima, woga umenishika

BintiNgamiani
Habari zenu wanajamvi. Niko Tanga, nafundisha chekechea. Watoto nawatambia hadithi karibu kila siku na sina shida nao. Sasa kuna vijana hapa mjini wanaandaa usiku wa hadithi, wamenipa dakika 15. Watakaokuja ni watu wazima, wengine wamenizidi umri sana, na hairuhusiwi kusoma karatasi.

Nimechagua kisa cha kima na papa, nilichokisikia kwa bibi yangu. Nakijua chote, lakini nikiyawaza yale macho, mate yananikauka na sauti inapanda. Nikisema "Paukwa!" ukumbi ukanyamaza je? Halafu kuna pale papa anapomwambia kima katikati ya bahari kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Hapo nataka niwaulize watu, "Ingekuwa nyinyi, mngejibu nini?" Mtu akitoa jibu la nje kabisa ya kisa, narudi vipi? Au nikariri neno kwa neno? Naombeni msaada, jambo hili nalipenda mno na sitaki kulikataa.

MzeeWaBaraza
Mwanangu, usikariri. Aliyekariri, likimpotea neno moja analitafuta mbele za watu. Shika vituo vya safari: mkuyu ulioinamia bahari, kima anamtupia papa kuyu, urafiki, safari ya mgongoni, siri inatoka, moyo umeachwa mkuyuni, wanarudi. Sentensi ya kwanza na ya mwisho ndizo uzijue kwa ghibu, basi.

Mtambaji_Msa
Dada, nimetamba Mombasa na Nairobi, na nimeona kwamba watu wazima wanapenda sana kuitikia, ila kila mmoja anaona haya kuwa wa kwanza. Kwa hiyo wafundishe kabla hujaanza: "Nikisema Paukwa, nyinyi semeni Pakawa." Ikitoka hafifu, rudia huku unatabasamu. Na kama wengi ni watu wa bara waliozoea "Hadithi! Hadithi!", anza na hiyo, wajibu "Hadithi njoo!" Wape wanachokijua.

Jibu la nje ya kisa usiliogope kabisa. Lifanye wazo la kima. Mtu akipaza sauti, "Namng'ata!", wewe endelea: "Kima akawaza, nimng'ate? Akatazama kushoto, maji. Kulia, maji. Pwani haionekani. Meno akayafumba." Aliyejibu atafurahi kwamba umemsikia, na kisa hakijatoka njiani. Mwingine akisema "Naruka!", fanya hivyohivyo. Chukua majibu mawili au matatu, kisha kima apate lake.

MwalimuWaFasihi
Naunga mkono, ila kurudia Paukwa kusizidi mara mbili. Hadhira nzito huilainishi kwa kuibembeleza. Tia wimbo mfupi, kima auimbe kila anapotupa kuyu, na watu waupokee. Ukifika mara ya tatu wataimba wenyewe.

Nyongeza: kisa hiki kimo katika hadithi za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870. Humo, kima akishafika juu ya mti hateremki tena. Papa akimwita, anamuuliza kama anamfanya punda wa dobi, kisha anamsimulia habari za punda aliyeliwa na simba kwa kurudi mara ya pili kule alikokwisha kuiona hatari. Ni hadithi ndani ya hadithi, tamu sana, lakini itakula muda wako.

UmmuSalha
Mdogo wangu, mimi nitasema la mwili. Fika mapema, salimiana na watakaokaa mbele, ili ukisimama uwe na nyuso unazozijua. Kabla ya neno la kwanza toa pumzi yote taratibu, ndipo uvute nyingine. Sauti hupanda kwa sababu woga hukaza koo na kifua.

Na macho uyape kazi. Kima yuko juu ya mti, basi akisema, tazama chini. Papa yuko majini, akisema, tazama juu na uishushe sauti. Hutahitaji kila mara "papa akasema", na utakuwa na rafiki wa kumtazama badala ya kuhesabu watu. Fanya mazoezi umesimama, kwa sauti kamili, mbele ya mtu na si kioo. Kioo hakiitikii.

BintiNgamiani
Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Leo jioni nawakalisha majirani uani nijaribu. Hilo la jibu kuwa wazo la kima limenituliza kweli. Punda wa dobi nitamweka akiba, muda ukibaki. Swali la mwisho: nivae nini?

UmmuSalha
Nguo unayoweza kuchutama nayo bila kuishikilia. Ukimpandisha kima mgongoni mwa papa, itabidi uteremke hadi chini.