Jirani kajenga mpaka uchochoroni: jina la aliyeripoti lifichwe au lijulikane?

Mtoa mada (Ngamiani, Tanga)

Wakuu, naomba tujadili hili bila kutukanana. Huku Ngamiani nyumba za Kiswahili zinavunjwa moja baada ya nyingine na mahali pake panasimama maghorofa. Na ghorofa sina ugomvi. Ugomvi wangu ni uchochoro.

Kati ya nyumba ya shangazi yangu na ya jirani yake palikuwa na uchochoro wa kupita mtu na ndoo yake. Bomba la maji limepita humo, na wazibua chemba walikuwa wakiingilia humo humo. Mwaka jana jirani kapandisha ukuta mpya, uchochoro wote kaumeza. Dirisha la chumba cha uani sasa linatazama tofali. Ukilifungua, unahesabu michirizi ya mwiko kwenye plasta. Bati la jirani halina mfereji, kwa hiyo masika yote yanamwagikia ukuta wa shangazi. Chokaa imevimba, inadondoka vipande vipande juu ya kitanda.

Tukaripoti. Ofisi tuliyokwenda siitaji. Tukaambiwa tulete barua yenye jina, sahihi na namba ya simu, tukaileta. Jioni ile ile jirani kaja barazani na nakala mkononi, anaisoma kwa sauti mbele ya wanywa kahawa. Wiki iliyofuata mkaguzi kapita, kapiga X nyekundu, kaandika SIMAMISHA UJENZI na tarehe. Kweli ujenzi ukasimama, siku za kazi. Mwisho wa wiki mafundi wanapanda kama kawaida. Leo ile X imepakwa rangi ya krimu, na shangazi nusu ya mtaa haimsalimu.

Nasema hivi: jina la anayeripoti liwe siri ya ofisi. Mwenye ujenzi aambiwe kosa lake, asiambiwe nani kalisema. Mnaonaje?

Fundi wa Mabawa

Kaka, mimi nakuzungumzia kutoka upande wa karai. Bosi akisema zege limwagwe Ijumaa jioni, mafundi wote tunajua maana yake. Mkaguzi Jumamosi haji. Jumatatu akija anakuta zege limeshika, na hakuna mwenye moyo wa kuvunja zege lililoshika, hata yeye mwenyewe. Kosa likiwa bado kwenye msingi unalimaliza kwa kamba na jembe. Likifika kwenye lenta limeshakuwa hela ya mtu, na mkopo, na machozi ya mama watoto.

Kwa hiyo ficha jina, usifiche, kama ofisi inatembea pole pole hujafanya kitu.

Halafu tusiwaonee wenye nyumba peke yao. Mtu kalipia mchoro, kapeleka maombi ya kibali, anasubiri. Saruji iko stoo inaganda ndani ya mfuko. Kuna wanaoanza bila kibali kwa jeuri, nawajua. Ila wengi nimewaona wanaanza kwa sababu ya saruji.

Mjumbe Mstaafu

Wanangu, nimekuwa mjumbe wa nyumba kumi tangu nywele zikiwa nyeusi. Hilo la kuficha majina msilipokee haraka. Mnajua nani huwa anaripoti? Ndugu aliyekosa fungu lake kwenye mirathi anamripoti kaka yake. Mpangaji aliyetolewa chumba. Mwenye duka asiyependa fremu nyingine ifunguliwe mbele yake. Mke aliyeachwa, naye huyo ana haki zake nyingine lakini si za bikoni, vigingi vya mpaka wa kiwanja. Wote hao wakiambiwa majina yatafichwa, ofisi haitalala kwa barua, na mkaguzi mmoja atashinda anazungushwa mjini kwa ugomvi wa watu.

Mtu akinishitaki niwe namjua. Nikimjua naenda kwake, tunakaa, tunakunywa chai, ukuta unarudi nyuma hatua mbili na maisha yanaendelea. Nimepatanisha mengi kwa njia hiyo, na hakuna X hata moja iliyopigwa.

Mtoa mada

Babu, shikamoo. Fitina ipo, sibishi. Lakini tazama kosa lenyewe ni la namna gani. Mtu akitukanwa anahitaji shahidi, kwa sababu tusi likishatoka halionekani tena. Ukuta haujatoka mahali. Bikoni zipo, ramani ya kiwanja ipo, mchoro ulioidhinishwa upo au haupo. Mkaguzi akija na tepu yake, kuna haja gani ya kujua aliyemwita ana kinyongo au hana? Mke aliyeachwa akisema ukuta umevuka mpaka, na tepu ikasema umevuka, basi umevuka. Tepu ikikataa, faili linafungwa na hakuna aliyechafuliwa jina.

Na hiyo chai yako, babu, inanyweka wakiwa wawili wanaolingana. Shangazi ni mjane wa nyumba ya udongo na chokaa. Jirani ana ghorofa na ana watu. Alipokuja barazani na ile barua hakuja kunywa chai.

Mpangaji wa Makorora

Mimi naona mnawaonea. Kodi ya jengo tunakatwa kwenye LUKU, tukinunua umeme, kila mwezi tangu 2021. Serikali ikipokea kodi ya jengo, imelitambua jengo. Linakuwaje tena haramu?

Msumeno

Ndugu Mpangaji, hapana. LUKU inakata kodi kwenye mita ya umeme, haijui kama una kibali. Hata nyumba iliyo katikati ya njia ya maji ya mvua inakatwa. Risiti ya kodi haijawahi kuwa kibali cha ujenzi, na anayeipeleka kama utetezi anapoteza nauli.

Kwa mtoa mada: una mambo mawili, na umeyafunga kwenye barua moja.

La kwanza ni kosa dhidi ya mamlaka. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka mtu apate idhini kabla ya kuendeleza kiwanja. Asipokuwa nayo, au akitoka nje ya alichoidhinishiwa, anayemdai ni halmashauri. Halmashauri ndiyo inatoa notisi, inampa nafasi ajieleze, ndiyo itakayoamua arekebishe, alipe au avunje. Wewe hapo ni mtoa taarifa tu. Jina lako halina kazi kwenye faili lile, hapo naungana nawe.

La pili ni madhara ya shangazi: dirisha, maji ya bati, ukuta unaooza. Hilo ni dai lake, na dai halina mafichoni. Anayelipwa lazima awe na jina. Mlango wa kwanza ni baraza la kata, lakini fahamu kwamba tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halihukumu. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na ukitaka kuishitaki halmashauri yenyewe kwa kukaa kimya, ni notisi ya siku 90 kwanza, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa kwenye kesi. Siku 90 fundi anajenga ghorofa mbili.

Raskazone kwa Chini

Mnahangaika na uchochoro wa mtu na ndoo. Njooni huku pwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tembeeni na hiyo tepu yenu kando ya bahari siku maji yamejaa, mhesabu kuta. X utaikuta kwenye banda la muuza mihogo.

Binti wa Dunda (Bagamoyo)

Niongeze la kwetu, maana huku kuripoti kuna sura nyingine kabisa. Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni eneo la hifadhi tangu 1983. Nyumba ya matumbawe na boriti za mikoko huigusi hivi hivi: kuna halmashauri, na kuna watu wa Idara ya Mambo ya Kale wenye sheria yao ya 1964. Ukitaka kubadili dirisha unabisha hodi milango miwili.

Kwa hiyo anayeripotiwa huku mara nyingi ni yule anayejaribu kutengeneza. Kaona ukuta unamong'onyoka kwa chumvi, kapiga plasta ya saruji. Kwa kweli kakosea: saruji inaziba unyevu ndani ya jiwe, na jiwe linaoza kwa ndani huku nje panang'aa. Chokaa ndiyo inayoruhusu ukuta upumue. Lakini chokaa nzuri na fundi wake ni ghali, na barua ya kumkataza haikuja na fundi. Jirani yake aliyeiacha nyumba mpaka paa likaingia sebuleni hajaripotiwa na mtu, kwa sababu hajajenga kitu. Hata Boma la Mjerumani la 1897, ambalo ni la serikali, lilipata kubomoka sehemu kwa mvua.

Sasa niambieni, mtu anayeacha nyumba ianguke anaripotiwa wapi? Maana mbuyu umeota ndani ya chumba, na ukuta ule watoto wa madrasa wanapita chini yake kila alasiri.

Fundi wa Mabawa

Dada, huyo ni hatari kuliko wote. Wa kuripotiwa leo leo, na jina langu waandike.

Mtoa mada

Binti wa Dunda, hilo hata halikunipitia kichwani, na linazidi kunionyesha kwamba kazi iko kwenye ukaguzi wala si kwenye barua. Msumeno kanisaidia kutenganisha. Basi naisogeza hoja: jina libaki ofisini, ila taarifa yenyewe itoke nje. Ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa uonyeshe kiwanja namba fulani, imeripotiwa tarehe fulani, imekaguliwa tarehe fulani, kimepimwa nini, kimeamuliwa nini. Hapo X haipakwi krimu kimya kimya, kwa sababu mtaa mzima unajua mwisho wa notisi ni lini.

Mjumbe Mstaafu

Ubao sawa, ingawa mwenye kiwanja atasema umemwanika. Na mngoje tepu iseme ukuta umevuka ndipo muandike, isiwe aibu kwanza ukaguzi baadaye.

Mwanangu, nitumie ujumbe pembeni uniambie ni barabara ya ngapi. Huyo jirani huenda namfahamu baba yake. Mfereji wa bati nitamwambia na atauweka, hilo halina sheria. Uchochoro siuwezi, huo uendelee nao huko ofisini.

Mtoa mada

Mfereji nashukuru, babu, nakutumia sasa hivi. Ya uchochoro barua ya pili inakwenda Jumatatu, moja ya halmashauri na moja ya baraza la kata, na safari hii sitoki mpaka nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa.